Jina la Tatu la Mama

Kwako Kaka,

Kabla sijasema lolote nakuuliza hali, na naomba unijibu kwa ukweli, si lile "nzuri tu" lako la kwenye simu. Kifua kimepona? Vumbi la machimbo ya mawe bado unalimeza, au zile barakoa mlizoahidiwa zimefika? Wifi yangu hajambo? Na mwanao, ambaye ananijua kwa sauti tu, mwambie shangazi yake anamsalimu na anataka kujua meno ya mbele yameota au bado anacheka kwa ufizi. Sisi huku tu wazima. Mimi nina mafua yanayonifanya nisikie dunia kama iko ndani ya chupa, lakini hayo hayaui mtu.

Baba naye hajambo, kwa upande wa mwili. Cherehani yake bado iko pale dirishani. Asubuhi jua likiingia na kukuta nyuzi za pamba zinaelea hewani, unamwona kama mtu aliyekaa ndani ya maji yanayong'aa. Anapunguza suruali za majirani na kugombana na zipu. Ila kochi amelihama. Tangu ulipoondoka hakai pale hata kidogo. Hukaa kwenye kigoda kigumu kisicho na mgongo, hata chakula hulia hapo. Juzijuzi mama mwenye duka la vitambaa alimwomba amwangalizie mlango kwa saa moja, akakataa. Alimwambia kwamba yeye ni mtu wa kusinzia, asimwamini. Yule mama alicheka akidhani ni utani. Mimi nilikuwepo, na sikuweza kucheka.

Najua hutaki niandike habari za Baba, Kaka. Vumilia. Habari zangu leo zina mkia mrefu, na huwezi kumvuta mnyama kwa mkia bila kumgusa mwili.

Umeniuliza mara nyingi kazi yangu hasa ni nini, na kila nikieleza unasema, yaani umesoma miaka yote hiyo ili usogeze maneno. Ndiyo hiyo hiyo. Mtu akishika simu yake, au akitazama skrini ukutani, yupo aliyeamua herufi ziwe kubwa kiasi gani, kitufe kikae wapi, mistari ianzie upande upi, na nafasi gani iachwe ili jicho lipumue. Ofisini wananiita Rula, kwa sababu neno likipinda unene wa unywele naliona kabla sijaweka mkoba chini. Zipo siku nakaa mbele ya kompyuta mpaka ukuta, kikombe na sauti za wenzangu vyote vinayeyuka, nabaki na ukurasa mweupe kama uwanja uliofunikwa na ukungu, na maneno yanatembea humo polepole yakitafuta pa kusimama. Neno likipata mahali pake, kitu kinatulia hapa kifuani. Ni kama Mama alipokuwa akikunja mashuka, ncha zote nne zikakutana, akapiga kofi moja dogo juu yake.

Mwezi uliopita tulitumwa hospitali kuu. Ile ile, Kaka, huna haja ya kuuliza. Wanataka skrini mpya kwenye ukumbi wa kungojea, nami nikaambiwa nikakae pale nione watu wanavyozitumia zilizopo. Nilikaa asubuhi tatu. Kuta ni za kijani kilichopauka, viti vya plastiki vimeunganishwa kwa chuma, mapangaboi yanazunguka kana kwamba nayo yamechoka kusubiri. Hakuna anayeitwa kwa sauti, maana hospitali ilitaka ukumbi wa kimya. Jina la mgonjwa hutokea juu kwenye skrini, na ndugu zake huinuka wakaenda kwenye mlango wa bluu. Basi watu wote wanatazama juu, vinywa wazi kidogo, kama waliolala wakaota ndoto moja. Kufika asubuhi ya pili nami nilikuwa ndani ya ndoto hiyo. Nilikuwa naona majina yakija na kwenda, meupe juu ya bluu, mazuri, yamekaa katikati kila moja kwenye kisanduku chake, yote yana urefu mmoja kama vigae.

Asubuhi ya tatu alikuwepo mzee mmoja, amepakata chupa ya chai. Jina likatokea: maneno mawili, halafu nukta tatu. Mzee akanyanyuka nusu. Upande wa pili wanawake wawili wakainuka haraka wakaelekea mlangoni. Mzee akawatazama, akarudi kitini taratibu, akatabasamu kwa aibu kama mtu aliyeitikia salamu isiyokuwa yake. Nilimsogelea, nikamuuliza mgonjwa wake anaitwa nani. Akanitajia majina matatu kamili. Nikaenda kwa muuguzi, nikauliza ni nani aliyeitwa. Alikuwa binti wa mzee yule. Nilimshika mkono nikampeleka mwenyewe hadi mlango wa bluu, naye akanishukuru sana, akaniombea heri, na kila neno lake lilinichoma. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Nilirudi ofisini nikamwambia mkuu wetu kwamba sitagusa rangi wala pambo lolote mpaka nimalize suala la majina. Tuna mwenzetu ambaye kazi yake ni kutafuta makosa yetu kabla wateja hawajayaona, tunamwita Bi Kasoro, na anaipenda kazi yake kuliko inavyostahili. Tulikaa naye siku nne. Kisanduku tukakiacha kirefuke kadiri jina linavyotaka. Herufi zikawa zinapungua ukubwa, lakini zina kikomo: mtu aliyekaa kiti cha nyuma lazima azisome bila kukunja uso. Jina likizidi hapo linashuka mstari wa pili, likianzia kushoto, chini ya lile la kwanza, ili jicho lijue ni mtu mmoja. Bi Kasoro akaniambia nimpe jina refu la kujaribia. Nikaandika la Mama. Maneno yote matatu yakasimama pale, jina la babu yetu likashuka chini likatulia, na majina mengine yakasogea kulipisha, kama watu kwenye benchi. Bi Kasoro akauliza huyo ni nani. Nikahifadhi kazi, nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Sasa Kaka, kama umesimama, kaa.

Skrini zile za zamani nilizichora mimi. Unajua tulifanya kazi ya hospitali, lakini sikuwahi kukuambia kazi ipi. Bi Kasoro alinionya tangu nilipokuwa nikizichora. Aliniambia majina ya watu si vigae, huwezi kuyakata ili yakae sawa. Nilimcheka. Nilitaka herufi kubwa na kingo zilizonyooka, na mistari miwili katika kisanduku kimoja iliniumiza macho. Nikasema jina likizidi, tuweke nukta tatu, watu wataelewa.

Siku ile mimi nilikuwa mafunzoni mji mwingine, na wewe ulikuwa njiani. Mama alikuwa ametoka kupasuliwa, hali ikageuka, akawa anamuulizia Baba. Wakaweka jina lake juu. Yalitoka majina mawili tu, ambayo nusu ya wanawake wa rika lake wanayo, na la tatu, ambalo ndilo lingemwambia Baba kwamba huyu ni wako, likamezwa na nukta. Ndugu wa mgonjwa mwingine wakainuka. Mlangoni wakaambiwa si wao, wakabaki kusubiri huko huko ndani. Baba hakuyajua hayo. Yeye aliona wenye jina wameitikia. Likatokea tena, na tena, naye akadhani wanaitwa wale wale. Alikaa pale karibu saa mbili na kanga ya Mama mapajani. Muuguzi alipotoka kumtafuta kwa miguu, Mama alikuwa ameshaondoka.

Muuguzi alisema walimwita mara tatu. Ulipofika na kusikia hivyo, ulimwambia Baba mbele ya watu kwamba alilala wakati mkewe anamwita. Akajaribu kusema aliona jina, na watu wakainuka. Ukamwambia asijitetee. Nilikuwa nimeingia muda huo, niko dirishani na begi la safari mkononi. Nilielewa pale pale, Kaka. Sikuhitaji miaka miwili wala mzee mwenye chupa ya chai. Nilielewa, nikanyamaza, nikakuacha uondoke na neno lako, na Baba nikamwacha nalo. Nimelila tonge la kila siku nikimtazama kwenye kigoda chake, na bado nikanyamaza. Yule mzee hakunifundisha kitu. Alinimaliza nguvu za kuficha tu.

Jumapili iliyopita, alasiri, nilimwambia. Alikuwa anatoa mishono kwenye koti la mtu. Alinisikiliza bila kuinua uso, kisha akanisogezea karatasi ya kukatia nguo na chaki yake, akaniambia nimchoree. Nikachora kisanduku, nikaandika majina mawili na nukta tatu. Chini yake nikaandika jina zima. Alitazama muda mrefu. Kivuli cha dirisha kilihama kutoka mkononi mwake hadi mezani.

"Kwa hiyo sikulala?" akauliza.

"Hukulala, Baba."

"Maana nimejiuliza sana. Mtu hawezi kujua kama alisinzia, anayejua ni aliyemwona. Nikasema kama mwanangu anasema nililala, basi nililala."

Halafu akaanza kulia, si kwa sauti, na mimi sikuthubutu kumgusa. Siku mbili hakusema nami. Alipokea chakula, akarudisha sahani, basi. Sikumlaumu. Siku ya tatu aliniita nimtungie uzi kwenye sindano, jambo ambalo anaweza kulifanya akiwa amefumba macho, na tulipokuwa hivyo vichwa vimekaribiana akaniambia kwamba hasira anayo, na itakaa nyumbani siku nyingi, lakini na mimi nikae. Kisha akaniagiza nikuandikie. Alisema nisipige simu, maana kwenye simu mimi nitalia na wewe utadakia, na neno halitafika.

Basi neno ndilo hili. Sikuombi unisamehe kwa barua hii. Unaweza kunikasirikia kadiri upendavyo, na hasira hiyo ni yangu kwa haki. Naomba tu ile uliyompa Baba uichukue, haikuwa yake. Hospitalini pia nimekwenda, nikamweleza mganga mkuu kwa mdomo wangu na kwa maandishi. Skrini mpya zinawashwa wiki ijayo.

Msalimie wifi, mbusu mtoto, na majirani wote wa huko wanaokuvumilia wape pole zangu. Mama mwenye duka la vitambaa anakusalimu, anasema bado anakumbuka ulivyovunja kioo chake kwa mpira. Mimi sina zaidi, wino wenyewe unaniishia.

Namba ya Baba ni ile ile. Mchana huwa ndani, lakini simu huiacha chini ya vitambaa na huchelewa kuiona, halafu lazima avae miwani kwanza ajue nani anapiga. Ikiita sana, Kaka, usikate.

Ni mimi, mdogo wako wa mwisho.