Madirisha ya siku ya chapati

Benedikta, mikono bado ina unga, nakuandikia hivyo hivyo.

Nilikuwa nakaanga chapati. Mama, ambaye siku hizi ananichanganya na marehemu dada yake, akainuka akafunga madirisha yote. Yote! Na joto hili la Kariakoo!

Kama ule mwaka wa msako wa walanguzi. Baba kaficha gunia la ngano uvunguni, harufu ikitoka nje tumekwisha.

Si unakumbuka askari walivyomchukua? Akarudi mgonjwa, hakumaliza mwaka. Ndugu zake wakamlaumu mama kwa kuacha dirisha wazi. Bibi alikufa hasemi naye.

Sasa sikia. Leo kanishika mkono, kanitaja jina langu mwenyewe, si la dada yake. "Mgeni, kula humu humu ndani. Siku ile ulitoka na chapati barazani, wakaiona."

Mimi! Nilikuwa na miaka mitano!

Nikamuuliza, "Na dirisha, mama?"

"Nililifunga. Nilisema ni mimi wasije wakakuchukia."

Alilifunga, Benedikta. Miaka arobaini, na alilifunga!

Sijafungua hata moja. Tumekaa jotoni, namlisha chapati, na kila tonge ananiambia nisilie, watatusikia.