Masufuria ya Mama Yameondoka Kabla ya Majibu

Babati, Jumatano. Manyunyu tangu asubuhi, njia ya kwetu Bagara ni tope tupu, na mimi nina hasira.

Mama yangu hana saratani.

Narudia, maana mtaa mzima unaamini anayo. Mwezi uliopita alipimwa kwa kamera ile ya kupitisha kooni. Wakaona uvimbe tumboni, wakakata vipande vidogo vipelekwe maabara. Vipande havijaondoka hata hospitalini, daktari akatuambia pale pale koridoni, "Mjiandae." Tujiandae na nini, wakati darubini yenyewe ilikuwa bado haijaviona?

Mama mdogo alisikia. Kufika jioni, habari ilikuwa imeshafika Nakwa na Bonga. Haraka haraka haina baraka, tunawafundisha watoto, halafu sisi wenyewe tunamzika mtu anayekula ugali wake vizuri.

Mama ndiye mtunza masufuria ya kikundi chao cha kuzikana, yale makubwa ya kupikia msibani. Yamekaa stoo kwetu tangu niko shule ya msingi. Jumamosi wenzake wakaja na maharage na sukari, wapole kupita kiasi.

"Mama Neema, tunayahamishia kwa Mama Baraka, wewe upumzike."

Upumzike! Kila mtu hapa anajua kwamba nyumba yenye msiba haitoi masufuria, inaletewa. Ndiyo maana yanahamishwa mapema.

Mama alielewa. Aliyafuta vumbi moja moja, akawakabidhi. Tangu siku hiyo hali chakula. Jana alianza kunionyesha kitenge kipi kiende kwa nani, nikatoka nje kulia.

Leo nimefuata majibu. Daktari mwingine, dada mmoja mtulivu, alinikalisha kwanza. Akasema ni uvimbe wa nadra, umeota kwenye ala ya mishipa ya fahamu ndani ya ukuta wa tumbo, na si saratani. Maabara walichelewa kwa sababu hawauoni mara kwa mara, ikabidi wavipake vipande rangi nyingine mpaka wawe na hakika. Utatolewa kwa upasuaji.

Kumbe kusubiri kunawezekana!

Yule wa koridoni nilipishana naye getini. Akanisalimia kama vile hakuwahi kusema kitu. Nilimwitikia kwa shingo upande na sijutii.

Nilipomweleza mama, nilidhani atalia, au atapiga magoti na kusali. Aliangalia mlango wa stoo.

"Kesho nenda kwa Mama Baraka," akasema. "Yote. Na mifuniko yake."

Halafu akaomba uji, akamaliza kikombe.

Nimeshaazima mkokoteni. Kuna njia ya mkato nyuma ya mashamba, lakini sipiti huko. Nitapita katikati ya mtaa, taratibu, masufuria yakigongana. Naomba tu mvua ikatike, watu wawe barazani.