Sufuria ya Muthokoi

Masii, Jumanne jioni, Juni 2004

Nimempiga mama mkwe. Naandika hivyo kwanza, nisije kesho nikajidanganya.

Nilimwambia mahindi ya gunia la chini yameota ukungu, tuyachome. Jirani amezika watoto wawili kwa mahindi kama hayo. Leo natoka mtoni nakuta ameyatwanga kwenye kinu, muthokoi, hayo mahindi yaliyokobolewa, unatokota jikoni.

"Ukungu umetoka na maganda," akasema. "Tumekula hivi tangu zamani. Chakula hakitupwi huku watu wako na njaa."

Mwende, binti yangu, alikuwa ameshashika sahani.

Nikaipiga sufuria teke, yote ikamwagika. Mama mkwe akanichapa mwiko shavuni. Nikamzaba kofi, mwanamke aliyenizalia mume. Akaanguka kwenye majivu.

Halafu nikamwona anaokota punje moja moja, anatia kwenye leso. Nikamkanyaga mkono. Kwa nguvu, Mungu anisamehe.

Hakulia. Akaniuliza tu, "Basi watakula nini?"

Watoto wamelala njaa. Mwende anaapa hakuonja hata kidogo.

Nimemnusa mdomo mara tatu.