Neno Alilolibakiza Septimus Garrod

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Machi 1929 ulipotutoka hapa nyumbani Brixton, chai yako ikiwa bado ya moto.

Ulicheza jukwaani miaka thelathini na minane, ukaanza kwa kushika mkuki bila kusema kitu hadi ukapewa kuigiza wafalme. Baadaye ukaingia kwenye sinema bubu, ukapakwa poda usoni, na wenzako wakakucheka. Hukununa. Mwigizaji aliyekosa kazi alikula samaki wa moshi mezani kwetu, hata aliyekucheka.

Mama alikushikia kitabu jikoni ulipokariri. Mstari wa mwisho wa mchezo hukuutamka kamwe kabla ya onyesho la kwanza, kwa kuwa ninyi watu wa jukwaani mnasema ni nuksi. "Hilo la mwisho, Lavinia, siku yenyewe," ulisema, ukafunga kitabu.

Tukuambie kweli, mwaka huu tumeishi kwa hofu. Sauti yako inatupotea. Mwanao Cuthbert anasema ilikuwa nzito, dada yake Hester anasema ilikwaruza, wakanuniana wiki nzima. Mama amekwenda kukutazama sinemani mara tano. Anauona mdomo wako ukisema, hasikii kitu, anarudi hataki kula.

Ilibaki santuri moja tu, ya majaribio ya filamu za sauti, uliyorekodi ukisoma mwisho wa mchezo mmoja, wiki tatu kabla hujafariki. Tukasikia studio inatupa santuri za zamani. Tuliandika barua tatu, kimya. Jumanne tukaenda wenyewe. Fundi alipekua makasha, sisi tumesimama roho juu.

"Hii hapa, mama. Ilikuwa inatupwa leo."

Akaipiga: ulikuwa wewe, Baba. Ilikwaruza kidogo, na Cuthbert ameomba radhi, shingo upande. Ulisoma ukurasa mzima, ukafika mstari wa mwisho, kisha tukasikia: "Hilo la mwisho, mabwana, siku yenyewe." Ulidhani ni mazoezi tu.

"Mzee huyu! Hata kwenye mashine!" Mama alicheka huku analia.

Mstari huo anaujua yeye peke yake, maana ndiye aliyekushikia kitabu. Tulimsihi atuambie. Akaifunga santuri kwa shali lake.

"Siku yenyewe bado. Atanisomea mwenyewe nikifika."

Tangu hapo tunamsikiliza kila akikohoa. Tunakuomba, Baba, usiwe na haraka naye.

Unakumbukwa na mkeo Lavinia, wanao Hester na Cuthbert, na dada yako Maud. Humu mwetu hutasahaulika.