Mama Amenisamehe Mimba Ambayo Haikuwepo

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako kwa maandishi maana kusema kumenishinda, mimi ni yule mtoto ambaye hata jibu la swali la mwalimu nikiwa nalo nainamisha kichwa.

Mama ni fundi cherehani, chumba chetu cha mbele ndicho kiwanda chake, na zamani kila shule ikikaribia kufunguliwa alinisimamisha mlangoni penye mwanga anipime sare, pini zimejaa mdomoni, akisema nami kwa pembe ya midomo na mimi nikimwelewa kila neno. Nilikuwa mwembamba hata akanibandika jina la Sindano. "Sindano, hii sare niishone kwa kitambaa au uzi peke yake utatosha?" Wateja walicheka, nami niliona haya, lakini mshauri, haya ile leo naitamani.

Muhula huu tepu yake ya kupimia ilipita kiunoni alama ya siku zote ikaendelea. Tumbo nilikuwa nimeliona likijaa na kuuma, nikalivalia sweta. Mama akatoa pini mdomoni moja moja, akauliza, "Ni nani?" Nikasema hakuna mtu, na kweli hakuna, sijawahi hata kushikwa mkono na mvulana, lakini zahanati walipima mkojo kipimo kikasema nina mimba, na tangu hapo mama akaitundika tepu msumarini, cherehani ikanyamaza siku kadhaa, hakunipima wala kuniita Sindano tena.

Hospitali walipopiga picha ya tumbo hawakuona mtoto, waliona uvimbe kwenye ovari, mama akaambiwa ni uvimbe tu, nikapasuliwa ukatolewa pamoja na ovari hiyo. Majibu yalipotoka daktari alinieleza kwa lugha ya shuleni, ambayo mama haijui, akaniomba nimfasirie. Alisema ni saratani ya nadra inayoanzia kwenye chembe za mayai, na kwamba uvimbe wenyewe ndio uliokuwa ukitoa homoni ya mimba, ndiyo maana kipimo kikadanganyika. Alisema Jumatatu ijayo nianze dawa za dripu, nisichelewe. Lakini kaka yake mama alikuwa amesimama pale, na kutamka ovari mbele ya mjomba nisingeweza, nikasema tu, "Anasema kimetoka chote, twende nyumbani."

Sasa mama anaamini mimba ilikuwepo ikatoka na uvimbe. Juzi akinibadilishia shuka aliniambia, "Yaliyopita si ndwele, Sindano, tugange yajayo." Jina langu lilirudi, mshauri, nikageukia ukutani nikalia. Ananisamehe kosa nisilolifanya, nikisema ukweli atajilaumu, nikitaja saratani, ile cherehani itanyamaza tena. Nikiiruka hiyo Jumatatu, nibaki Sindano kwa muda kidogo, kuna ubaya gani?

Sindano

MSHAURI ANAJIBU

Ubaya upo, mwanangu, na ni mkubwa. Ndiyo maana barua yako nimeipitisha mbele ya nyingine. Pole kwa kisu, na pole zaidi kwa kusingiziwa. Pole zimekwisha, sasa nisikilize.

Mimi si daktari, ila nimemuuliza daktari kabla ya kukujibu. Saratani ya namna hii hukua haraka, lakini pia husikia dawa kuliko nyingi. Wengi wanaotibiwa kwa wakati hupona, na ovari iliyobaki mara nyingi huendelea na kazi yake, hata watoto wakaja baadaye. Hilo la watoto liulize kabla ya dripu ya kwanza. Na homoni ile iliyokuchafulia jina, sasa ndiyo itakayopimwa kwenye damu kuonyesha kama dawa zinafanya kazi.

Unamficha mama kwa kumhurumia? Acha hizo. Yeye amesema mgange yajayo, na yajayo umeyakalia wewe. Mama aliyeweza kukusamehe jambo lililomvunja hivyo, ataweza kusikia kwamba hukulifanya. Atalia, ndiyo. Mwache alie.

Tena kufasiri ugonjwa wako mwenyewe si kazi ya mtoto. Kesho rudini hospitali, ombeni muuguzi anayezungumza lugha ya mama amweleze yote, na mjomba asubiri nje, hatakasirika. Lakini leo hii, wateja wakishaondoka, chukua tepu pale msumarini umpelekee mama. Simama mlangoni penye mwanga, mwambie akupime upya. Akifika kwenye kovu mkono wake utasita. Hapo sema. Na kama ana pini mdomoni, mngoje azitoe kwanza.