Ukimtoa Majini, Shika Pumzi

Baba Neema,

Ninakuandikia kwa mkono wa kushoto, wa kulia umevunjika vidole viwili, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Hata zamani ulisema herufi zangu zinatembea kama kuku aliyekanyaga matope. Ni tofali lilinivunja. Halikunilenga mimi. Lilirushwa kumpiga Sadiki, na Sadiki ndiye aliyekuua. Nimeanza na hilo ili usisome na wasiwasi. Wasiwasi niachie mimi.

Sijakwambia nilivyokuona mochwari. Neema nilimwacha nje. Walikuwa wamekufunika mpaka kidevuni wakidhani wamenisaidia, lakini ni kichwa kilichopigwa. Upande wa sikio ulikuwa umeingia ndani. Nilivuta shuka nikaona mkono wako umekunja ngumi, na kati ya vidole uzi wa kijani wa wavu, umekatwa kwa kisu. Wewe, mtu wa kuachia samaki, wavu wa wezi hukuuachia.

Unakumbuka uliporudi siku ya kwanza kutoka ile kambi ya mto Vaal, umepata kazi ya kuwahudumia wavuvi wa wikendi? Ukanionyesha kwenye simu samaki wa manjano, mrefu kama mguu wa Neema. Nikauliza, "Sasa yuko wapi?" Ukasema, "Amerudi kwake." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu wa Uvira, amezaliwa kando ya ziwa, anatoka mtaa wetu wa Bertrams anapanda teksi mbili kwenda kumshika samaki, anampiga picha, anamwachia. Mimi mama yangu alinifundisha kumpiga samaki kichwani kwa mchi, pigo moja, basi.

Halafu ukanipeleka nikaone. Ulinikataza kumshika kwa kitambaa, ukasema kinamtoa ute na bila ute anaoza akiwa hai. Ukasema lowesha mikono kwanza. Usiingize vidole kwenye mashavu yake. Usimlaze kwenye mchanga wa moto. Ukabana kijino cha ndoano kwa koleo ili itoke bila kurarua. Na ukaniambia lile neno, "Mama Neema, ukimtoa majini, shika pumzi yako. Wakati unaotaka kupumua wewe, na yeye anataka. Mrudishe." Nilishika pumzi mpaka macho yakanitoka, ukanicheka.

Sasa nikwambie kitu kimenikaa kooni tangu mazishi.

Sadiki alikuwa ananiletea samaki mezani kwangu pale Jules Street, hata wewe ukiwa hai. Nilikuwa nauza ndagala wakavu tu, yeye akaja na gunia la samaki wabichi, akaniita dada, akasema wametoka bwawa la watu. Walikuwa na alama za uzi wa wavu nyuma ya kichwa, zimeingia mpaka kwenye nyama. Niliziona. Nilikata vichwa haraka nikatupa, usije ukaviona. Hilo ni moja. La pili ni baya zaidi. Siku moja aliniuliza mume wangu anafanya nini huko mtoni, na mimi nikajigamba. Nikasema mume wangu haogopi mtu, kila Jumatatu asubuhi anazunguka ukingo peke yake, anatoa nyavu za wezi na kuzichoma. Peke yake, nilisema hivyo. Nilikuwa naona fahari, Baba Neema.

Ukapigwa Jumatatu asubuhi, peke yako. Na Sadiki akaja kwenye matanga. Alipanga viti. Alikula wali wangu akasema pole dada.

Wiki mbili zikapita. Ilikuwa Jumamosi mchana, Jules Street imejaa watu. Akaja na gunia limefungwa kwa waya. "Dada, leo nimekuletea wakubwa." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa koleo akaanza kukata waya. Lile lako lenye mdomo mrefu. Kwenye mpini lilikuwa na kitambaa chekundu cha kitenge, nilichokikata mwenyewe kwenye pindo la nguo yangu nikakufungia, lisikupotee kwenye majani. Fundo lilikuwa langu. Nafunga mara tatu, unanijua.

Ningesema muuaji, watu wangesimama kunishangaa. Nimeishi hapa miaka ya kutosha, najua neno linaloleta watu. Nikamshika shati nikapiga kelele, "Isela," yaani mwizi. Pigo la kwanza nilimpiga mimi. Nina mchi chini ya meza, nilimpiga nao mdomoni, nikasikia meno yakivunjika kama karanga. Kisha wakaja. Mateke, mijeledi, chuma cha kufungulia tairi. Mtu alimkanyaga mkono mpaka ukageuka upande mwingine. Jamaa wa gereji akaja anabingirisha tairi kuukuu, akauliza nani ana petroli, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Na mimi nilifurahi. Sikufichi. Kila teke nilihesabu ni lako.

Halafu nikaona mdomo wake. Alikuwa amelala ubavu, vumbi limemshika mwili mzima, mdomo unafunguka, unafunga, unafunguka, hakuna sauti. Damu inatoka puani na povu. Jicho moja linanitazama. Kifua changu kikaanza kuwaka moto nikashangaa kwa nini, kumbe nilikuwa nimeshika pumzi. Sijui tangu lini. Nikavuta hewa, na wakati huohuo nikajikuta nimemwangukia juu.

Usiniulize kwa nini. Mikono ilikuwa imezoea.

"Mama, suka, ondoka hapo, utaungua naye," wakasema. Mwanamke mmoja akacheka, "Waacheni makwerekwere wauane," ndivyo wanavyotuita sisi wageni. Ndipo tofali likanipata mkononi. Niliwaambia kwa Kizulu changu kibovu na kwa Kiswahili na kwa Kifaransa cha kanisani kwamba huyu ni wangu, ameniulia mume, nataka aongee, na maiti haiongei. Jamaa wa gereji alisimama na tairi lake. Akanitazama sana. "Eish, mama," akasema, akaliegemeza kwenye nguzo ya robot, ile taa ya barabarani. Sadiki alikuwa analia chini yangu, "Dada, usiniache." Nikamwambia, "Nyamaza, pumua." Nilimwambia kwa chuki, lakini nilimwambia.

Polisi walipofika nilikuwa bado nimemlalia.

Yu hai. Taya lake limefungwa kwa waya, lakini ameandika majina ya wale wawili aliokuwa nao, na wao wameshikwa. Koleo liko kwa polisi, limetiwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambaa. Usifikiri nimemsamehe. Kila asubuhi nikiosha vyombo namuua tena, mpaka Neema anakuja kuninyang'anya sahani. Nikipita pale mahali, bado natafuta meno yake chini. Huyo ndiye mke wako sasa. Sikutaka umsikie kwa mwingine.

Jumapili iliyopita nilimpeleka Neema mtoni. Bosi wako alitupatia fimbo yako ya kuvulia, ndoano ina kijino kilichobanwa, ulikibana wewe. Neema akarusha, akarusha, samaki wa manjano akashika, akavuta mpaka msichana akapiga magoti. Nililowesha mkono huu mmoja mzima mpaka ukapoa. Neema akatoa ndoano, mimi nikashika pumzi. Tukamwelekeza kichwa kule maji yanakotoka, tukasubiri. Alikuwa mzito, amechoka, mashavu yanapiga polepole. Nikadhani tumemuua. Halafu akanichapa mkia usoni, akaenda.

Pale pale, na maji yakinitiririka usoni, nikamwambia Neema kuhusu vichwa nilivyotupa, na jinsi nilivyojigamba kwa Sadiki. Alirusha ndoano tena, akakaa amenipa mgongo mpaka saa ya kuondoka. Kwenye teksi, tulipokaribia nyumbani, ndipo akalaza kichwa begani kwangu, upande wa mkono mbovu. Uliniuma. Sikusogea.

Polisi nimewaambia kuhusu koleo, kuhusu kujigamba sijawaambia. Nakuahidi nitasema. Siku ya kesi nitasimama mbele yao wote, na Sadiki akinisikiliza, nitasema ni mimi niliyemwambia ni Jumatatu, ni mimi niliyemwambia uko peke yako. Wakimaliza na koleo nitaliomba, na kama fundo limelegea nitalifunga upya. Mezani kwangu hakuna tena samaki ambaye sijui ametoka maji gani.

Kwaheri, baba wa mtoto wangu. Fungua ile ngumi sasa. Wezi wameshikwa, wavu tumeshautoa.

Mama Neema