Nimejichora Nje ya Nyumba Yangu

Mpendwa Shangazi Nzula, naomba msaada kabla jambo hili halijazoeleka kwangu nyumbani, maana naona limeshaanza kuzoeleka, na mimi mwenyewe sijui kama nacheka au naumia.

Mimi ni mchambuzi wa mifumo katika ofisi moja Kajiado mjini, na kazi yangu ni kuuliza watu wanavyofanya kazi halafu kuichora kabla kompyuta haijaguswa, duara kwa kila kazi, mishale ya kuonyesha vitu na habari vinavyopita, sanduku la mahali habari zinapohifadhiwa, na miraba kule pembeni, nje ya mfumo, kwa watu wanaoleta kitu na kupokea kitu lakini hawafanyi lolote ndani. Majuzi nilitakiwa kufundisha vijana wapya, nikataka mfano rahisi, basi nikachora nyumba yetu ya Kitengela, na Shangazi, nilichora vizuri, kupika, kufua, kuagiza maji, homework ya binti yetu Shirleen, na pale pa kuhifadhi habari zote nikaandika jina la mke wangu Kavutha, kwa sababu kweli kila kitu kiko kichwani mwake, kuanzia chanjo ya mtoto mpaka namba ya mtu wa gari la maji. Mimi nikajiweka kwenye mraba wa nje, naleta mshahara, napokea chakula na nguo safi. Kitaalamu mchoro huo hauna kosa, na vijana waliupenda sana, nikaubeba nyumbani kwa furaha na kuubandika kwenye friji.

Kavutha aliusoma polepole, mwiko mkononi, akauliza mraba wa nje ni wa nani, nikamweleza, hata nikamfundisha na sheria yake. Akasema, "Aah, kumbe. Sawa."

Tangu siku hiyo mimi ni mgeni. Kikombe changu cha bati cha bluu, kile kilichobambuka rangi mdomoni, ninachokinywea tangu nikiwa bachela, sijui amekificha wapi, sasa naletewa chai kwa vikombe vya maua vya kabati la vioo, na trei, na kitambaa. Nikishika sahani niipeleke jikoni anainyakua, "Wacha tu mgeni, wewe kaa, utachoka." Asubuhi nikitaka kutoka, yeye na Shirleen wananisimamisha mlangoni kama mgeni anayeaga, "Mgeni, tuombee kwanza ndio uende." Nakiri mwanzoni nilifurahia, nani hapendi trei, na Kavutha hana hasira hata kidogo, anacheka na kuimba. Lakini Jumapili baada ya kanisa, tukiwa mezani, Shirleen aliniangalia akauliza, "Daddy, na wewe utarudi kwenu lini?" Hakuwa anatania. Niliirudisha chapati kwenye sahani, Shangazi.

Basi nikachora upya, nikajiingiza ndani na duara langu, nikaandika "Baba: kusimamia." Kavutha akaangalia akaniuliza, "Mishale inaingia, nimeona. Wa kutoka uko wapi?" Nikaukunja mchoro, kwa sababu duara linalopokea tu bila kutoa chochote ndilo kosa ninalowarudishia vijana kazi yao kila siku. Je, nichore mara ya tatu, na vipi? Ama nimwite pasta azungumze naye?

Dalmas, Kitengela

Baba Shirleen,

Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Halafu nikafika kwa swali la mtoto, nikaacha kucheka. Pole. Hilo swali linauma, na ninafurahi kwamba limekuuma.

Sasa nisikilize. Pasta mwache apumzike. Mke anayeosha vikombe vya kabati kila jioni ili akufikishie ujumbe hajachoka na wewe. Angekuwa amechoka ungekunywa chai hotelini. Huyo anakupenda na ana ucheshi, mshukuru Mungu.

Lakini wewe! Unalipwa kukaa na watu Kajiado na kuwauliza, "Halafu nini hufuata?" Nyumbani mwako hujawahi kuuliza. Ulichora ukweli kwa mkono wako, ukaona mke mmoja amebeba kila kitu kichwani, na kilichokugusa ni kwamba mistari imenyooka. Ukaubandika kwenye friji usifiwe!

Kalamu weka chini. Mchoro wa tatu sitaki kuusikia. Chukua kazi moja, maji, na uichukue yote. Namba ya mtu wa gari iwe kwenye simu yako. Wewe ndiye ujue tangi limeshuka, wewe ujue yapi ni ya chumvi ya kufulia na yapi ni ya kunywa, na siku mifereji ikikauka, wewe ndiye utafutwe. Na usimwendee Kavutha na lile swali lenu wanaume, "Nikusaidie nini?" Hilo ni kumwongezea mshale mwingine kichwani. Akianza kukukumbusha, mwambie umeshapiga simu, na iwe kweli umepiga.

Akikuambia "kaa tu mgeni," usikae. Osha hivyo vikombe vya maua mwenyewe, uvifute, uvirudishe kwenye kabati. Ukishayazoea ya maji, chukua na homework. Shirleen usimweleze lolote. Mtoto hasomi michoro, anaangalia nani yuko jikoni.

Ule mchoro wa kwanza uache pale pale kwenye friji. Kavutha ataubandua akipenda, si wewe.

Na asubuhi moja utaletewa chai bila trei, ndani ya kile kikombe cha bluu kilichobambuka. Siku hiyo usiseme neno wala usichore kitu. Kunywa, halafu ukioshe.

Shangazi Nzula